Mechi iliyokatika dakika ya 70 na vita ambavyo eti havikutokea: nisaidieni kumwelewa Baudrillard

Mwanga Juu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa tatu, sosholojia. Likizo huwa nasimamia kibanda umiza cha mjomba hapa Mwanga, Kigoma: mabenchi kumi na mawili, televisheni mbili, king'amuzi kimoja, kiingilio Sh 500, mechi kubwa Sh 1,000. Nawaeleza hivyo mjue swali limetoka wapi, maana nusu limetoka darasani na nusu limetoka kwenye ugomvi.

Jumamosi moja tulikuwa na mechi ya Arsenal, banda limejaa mpaka watu wanachungulia kwenye mabati. Dakika ya 70 umeme ukakatika. Jenereta ya mjomba ilikuwa kwa fundi. Tukasubiri gizani dakika tano, kumi, kumi na tano, kisha mmoja akasoma kwenye simu kwamba bao limeingia dakika ya 83. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nusu ya banda walitaka warudishiwe hela kwa hoja kwamba mechi haikuchezwa. Sikilizeni neno vizuri: hawakusema hawakuiona, walisema haikuchezwa. Mzee mmoja, shabiki wa Arsenal kabla sijazaliwa, alinishika kola akaniuliza, "Bao gani hilo? Nani kaliona humu ndani?" Pembeni yake kuna kijana mkeka wake ulikuwa unasubiri bao hilohilo. Hela ikaingia kwenye simu yake akiwa amekaa palepale gizani, uso umemulikwa na kioo cha simu, anacheka peke yake.

Usiku huo nikafungua makaratasi ya mwalimu. Mada ni usasaleo (ile wanayoiita postmodernism) na vyombo vya habari, na mtu wetu ni Jean Baudrillard, Mfaransa, 1929 hadi 2007. Mwaka 1991 aliandika insha tatu katika gazeti la Libération. Ya kwanza, tarehe 4 Januari, ilisema Vita vya Ghuba, vile vya Marekani na washirika wake dhidi ya Iraq iliyoivamia Kuwait, havitatokea. Ya pili, 6 Februari, mabomu yameshaanza kudondoka, ikauliza kama kweli vinatokea. Ya tatu, 29 Machi, vita vimekwisha na majeshi yanafungasha, ikasema havikutokea. Nilipofika hapo nikacheka kwa sauti, nikamkumbuka mzee wa Arsenal.

Mwalimu anasema tusimchukulie juujuu. Nilivyomwelewa mimi, tumezoea kudhani kitu hutangulia na picha hufuata. Baudrillard anasema tumefika mahali picha ndiyo inatangulia, na kitu kikija kinapimwa kama kinafanana nayo. Kwa banda letu hilo halina ubishi. Wateja wangu wanaijua njia ya kutokea vyumbani pale Emirates kuliko wanavyoujua Uwanja wa Lake Tanganyika, ulio dakika kumi kwa bodaboda. Mmoja wao aliwahi kwenda Lake Tanganyika, akarudi analalamika kwamba wachezaji wako mbali, hakuna marudio, hakuna mtangazaji, "ule siyo mpira kabisa". Hapo nampa Baudrillard maksi zote.

Kinachonikwamisha ni mama yangu. Mwaka 1991 alikuwa na miaka 19, yuko Kasulu. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni, vya kwanza vilianza 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, lakini Kasulu siyo Zanzibar. Mtu ambaye hakuona picha hata moja, nadharia hii inamwambia nini? Mama anavijua Vita vya Ghuba, anavitaja. Alivijuaje? Na vya kwake vilitokea au havikutokea?

Insha inatakiwa Ijumaa. Nawasilisha.

Mkeka Mbichi

Mkuu, tuanze na la msingi: hela mlirudisha? Maana kama mechi haikuchezwa, basi na ya yule dogo irudi ilikotoka. Mimi mwaka 2020, korona imesimamisha ligi karibu zote, nilikuwa nabetia ligi ya Belarusi. Timu zenyewe sijui hata jezi zao rangi gani. Lakini elfu tano zilizochanika, mkuu, hizo zilitokea.

Naacha wasomi waje.

Chaki na Ubao

Mwanangu wa Kigoma, salamu kutoka Pangani. Nimestaafu ualimu, sasa nafuga kuku na kusoma nyuzi za watu. Mama yako ni rika la wanafunzi wangu wa mwanzo, kwa hiyo niache nimjibie kidogo, halafu nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali.

Vita vile sisi tulivisikia. Baghdad na Dar es Salaam saa ni zilezile, kwa hiyo mabomu ya kwanza yalipodondoka usiku wa kuamkia Alhamisi, 17 Januari 1991, hata kwetu ilikuwa usiku wa manane, tumelala. Marekani ilikuwa bado jioni ya tarehe 16, watu wako sebuleni, taarifa ya habari ndiyo inaanza. Hebu litazame hilo kwanza: aliyekuwa mbali kuliko wote ndiye aliyekuwa macho. Sisi tulivipata asubuhi kwenye redio ya mwalimu mkuu, ya betri nne, zile tulizokuwa tukizianika juani zikichoka. Siku nzima ni kuhama mawimbi tu: RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Sauti ya Ujerumani. Tumekaa chini ya mkungu nyuma ya ofisi, na kila mmoja anajenga Baghdad yake kichwani. Yangu ilikuwa na mikoko. Ilikuwa Pangani hiihii, imeongezewa maghorofa.

Majina yaliingia mtaani kabla ya vitu. Golikipa wa timu ya shule, ambaye mpira wake mrefu hakuna aliyejua utatua wapi, tukamwita Skadi, jina la makombora ya Iraq, na leo ana wajukuu bado anaitwa Skadi. Kombora lenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona, hata katika gazeti.

Sasa jambo lenyewe. Rudi nyuma miezi mitatu, Oktoba 1990. Iraq imeshaichukua Kuwait tangu Agosti, dunia inabishana kama ipigwe. Redio ikaeleza kwamba binti wa Kikuwait ametoa ushahidi Washington huku analia: aliwaona askari wa Iraq wakiingia hospitali, wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine zao na kuwaacha sakafuni wafe. Mimi nilikuwa na kipindi cha Siasa, darasa la sita. Nikawasimulia wanafunzi. Nilisimulia vizuri, nilikuwa na kipaji hicho na nilikipenda. Wakaniuliza mashine hiyo ikoje. Sikuwahi kuiona. Lakini mwalimu wa zama zile hakuwa na ruhusa ya kutokujua, kwa hiyo nikachukua chaki nikaichora: kabati la kioo, milango miwili, mtoto ndani, na askari amesimama na bunduki. Kitasa nilikiweka upande wa kushoto kwa sababu upande wa kulia ubao ulikuwa na ufa. Wasichana wawili walilia. Nilitoka darasani nikiwa na fahari, Mungu anisamehe.

Haikutokea. Simaanishi kwa namna ya Baudrillard. Naongea kwa namna ya kawaida ya Kiswahili: haikutokea. Binti yule, aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah, ana miaka 15, alizungumza tarehe 10 Oktoba 1990 mbele ya kundi la wabunge wa Marekani la haki za binadamu. Halikuwa baraza rasmi, wala hakula kiapo. Januari 1992 ndipo ikajulikana hadharani kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano, Hill & Knowlton, iliyoajiriwa na kikundi kilicholipiwa karibu chote na serikali ya Kuwait. Katikati hapo Rais Bush, yule mzee, alishaikariri hadithi mara nyingi, na Seneti ilishaidhinisha vita, 12 Januari 1991, kwa kura 52 dhidi ya 47. Mimi haya niliyajua mwaka 2003, nilipokwenda chuo kujiendeleza. Hesabu mwenyewe miaka ambayo kabati langu lilikuwa limesimama vichwani mwa watoto wa watu.

Halafu hili. Kama mwaka 2011, stendi ya Tanga, ananishika mkono jamaa mmoja, konda wa zamani, sasa ana basi lake dogo. Mwanafunzi wangu. Tumekaa tunakunywa kahawa, akasema, "Mwalimu, mimi mpaka leo siisahau ile ya watoto wa Kuwait. Niliiona kwenye TV." Nikamuuliza TV ipi. "Nyumbani." Nyumbani kwao hapakuwa na umeme, wacha televisheni. Nikamwomba anieleze alichokiona. Akaeleza: kabati la kioo, milango miwili, askari, na kitasa. Nikamuuliza kitasa upande gani. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Kahawa ilinipalia.

Baudrillard, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu simulakra, yaani picha zinazochukua nafasi ya kitu chenyewe, anazipanga picha kwa hatua. Ya kwanza inaakisi kitu kilichopo. Ya pili inakipotosha. Ya tatu inaficha kwamba hakuna kitu. Ya nne haihusiani na kitu chochote, ni picha iliyozaliwa na picha. Nilipomsoma, karatasi zenyewe fotokopi iliyofifia, sikufikiria CNN hata kidogo. Nilifikiria ubao wangu. Nilichora mashine nisiyoijua, katika tukio lisilokuwepo, na mtu mzima akaihifadhi kama jambo aliloliona kwa macho yake, tena akaitafutia televisheni ya kuionea. Kwa hiyo mwanangu, kwa swali lako: umeme siyo sharti. Mama yako pale Kasulu alikuwa ndani ya nadharia hii sawasawa na mtu wa New York. Chaki ilitosha, na kabla ya chaki ilitosha sauti.

Lakini kuna mahali namwacha Mfaransa aende zake. Siku ile darasani kulikuwa na binti mmoja, mama yake nesi hospitali ya wilaya. Hakulia. Alinyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, hiyo hospitali ilikuwa na mashine ngapi?" Nilimwambia zilikuwa nyingi, keti chini. Sasa nafahamu kwa nini aliuliza. Hospitali ya mama yake haikuwa na hata moja. Njiti walifungwa kifuani kwa mama zao, au wakazungushiwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa khanga. Yeye alikuwa anahesabu. Machi 1991, Kuwait ikiwa imeshakombolewa, waandishi waliokwenda kuwauliza madaktari wa palepale waliuliza vitu vya aina hiyohiyo: mashine ngapi, watoto wangapi, zamu ya nani, na hadithi ikaanza kubomoka. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, waliokuwa wameibeba mwanzoni, wakaiondoa. Hospitali zilikuwepo, manesi walikuwepo, na aliyeuliza alijibiwa. Baudrillard hanipi nafasi ya kumweka binti yule popote. Kwake picha ikishaota mizizi hakuna tena cha kuulizia.

Andika hilo kwenye insha yako ukitaka, ila usinitaje shule.

Mtu wa Buruburu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hiyo ya kitasa mara tatu.

Mimi naandika kutoka Nairobi, na nataka kuongeza upande wa pili, maana sisi *tuliona*. KTN ilianza 1990 na ilikuwa ikituletea CNN, kwa hiyo kwa jirani yetu mwenye Sony kubwa tulikuwa watoto wanane sakafuni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijigamba kwamba nilitazama usiku wa kwanza wa mabomu moja kwa moja kutoka hoteli ya Al-Rashid, na wale waandishi watatu, Bernard Shaw, Peter Arnett na John Holliman. Nikiwa mtu mzima ndio nikajua kwamba usiku ule CNN haikuwa na picha za moja kwa moja kutoka Baghdad. Walikuwa na laini ya simu. Kwenye kioo kulikuwa na ramani na sura za waandishi, na sauti zao zikieleza yanayoonekana dirishani. Yaani ilikuwa redio! Zile taa za kijani zinazopanda mbinguni, risasi za kudungua ndege, nilizozishika kichwani ni za baadaye, nikazibandika juu ya sauti. Kwa hiyo yule konda wa Tanga asijione peke yake. Mimi nilikuwa na TV na nikafanya vilevile.

Hata hivyo mleta mada, usimwachilie Baudrillard kirahisi. Anachosema kina hoja, nakubali. Anasema hakukuwa na vita kwa maana ya watu wawili kupigana, kulikuwa na upande mmoja unaotekeleza mpango ulioandikwa kabla, na upande mwingine unafukiwa, na sisi tunatazama kitu kama mchezo wa kompyuta. Paul Patton, aliyezitafsiri insha zile kwa Kiingereza mwaka 1995, anasimulia jinsi CNN ilivyowahamia waandishi waliokuwa Ghuba kuwauliza kunaendelea nini, na kumbe nao walikuwa wanatazama CNN wajue kunaendelea nini. Hiyo ni kali na ni ya kweli kuhusu kazi ile, mtu yeyote aliyekaa chumba cha habari ataitambua.

Pia ukumbuke tulionyeshwa nini. Jenerali Schwarzkopf, kamanda wa Wamarekani na washirika wao, anasimama mbele ya waandishi na video ya daraja linalolengwa, gari linapita katikati ya alama ya shabaha sekunde chache kabla bomu halijatua, naye anamtambulisha dereva kama mtu mwenye bahati kuliko wote Iraq. Chumba kizima kikacheka. Sisi pia pale sakafuni tulicheka. Mabomu ya kuongozwa kwa leza na mfano wake yalikuwa chini ya asilimia 10 ya yaliyodondoshwa, lakini ukitazama TV ungeapa kwamba hakuna aina nyingine.

Sasa twende 13 Februari 1991, Amiriyah, Baghdad. Handaki la kujikinga la raia. Mabomu mawili, na haya ni yale yale ya kuongozwa, yaliyoitwa ya akili, yalilenga na yakapata. Walikufa raia zaidi ya 400, wengi wanawake na watoto, wengi wameungua hata kutambuliwa ni shida. Niambie utasimamaje mbele ya mzazi wa pale useme havikutokea, halafu umweleze kwamba ni kejeli, kwamba kichwa cha habari kinachezea jina la tamthilia ya zamani ya Kifaransa kuhusu Troya. Mwingereza mmoja, Christopher Norris, alimshukia Baudrillard kwa jambo hili mapema, mwaka 1992, na kwa maoni yangu hakuzidisha. Kauli ile ni ya mtu aliyeko Paris na rimoti mkononi. Ukiniuliza mimi, yeye mwenyewe ndiye aliyenaswa na alichokuwa anakionya: alikaa mbele ya kioo, kioo hakikumwonyesha maiti, akaandika kwamba hakuna vita.

Mzee wa Arsenal naye ni hivyo hivyo. Bao liliingia bwana.

Mkeka Mbichi

Buruburu, dogo amelipwa. Ushahidi upi tena unatafutwa?

Bint Seeb

Assalam aleikum. Mie nimezaliwa Unguja, nimekulia Maskati, mtaa wa Seeb, si mbali na uwanja wa ndege. Nakuoneni mwabishana nani kaona nani kasikia. Sie, wallahi, tulitikisika.

Kambi za Oman zilitumika, Seeb na Thumrait na kule Masira, Wamarekani na Waingereza wote wakizitumia. Miezi ile ndege zikipita usiku, kubwa kubwa, vikombe vya mama kabatini vikigongana ting ting, na mama akaamka akavitia kitambaa katikati, kimoja kimoja, kwa kuwa vile ni vya harusi yake. Hicho ndicho kitendo cha vita nilichokishuhudia mie: mama na vikombe. Asubuhi ukitazama televisheni ya nyumbani, hakuna habari ya ndege zetu. Kuna Kuwait, kuna Baghdad, kuna Riyadh. Seeb haimo. Basi hata sie tukaanza kuzisahau, zikawa kama upepo wa kusi, usipoulizwa huusemi.

Aliyetuambia ni shangazi. Yeye yupo Unguja, Malindi, kasikia BBC, akapiga simu ya gharama, analia: "Nyie mko salama huko? Wanasema ndege zatoka kwenu!" Mama kasimama na simu mkononi kanitazama, kisha akatazama dari. Akamjibu, "Ah, hapa kwetu shwari, hakuna kitu." Na hakuwa anasema uongo, mnafahamu? Ndivyo alivyoamini. Vikombe vimefungwa vitambaa, yeye mwenyewe kavifunga kwa mkono wake, na hakuna kitu.

Kwa hivyo Mtu wa Buruburu, mie sikatai hasira yako ya Amiriyah, Mungu awarehemu. Lakini huyo Mfaransa msimfukuze bado. Wasema alikosea kwa kuwa hakuwepo. Sie tulikuwepo, na hatukuwa na habari mpaka redio ilipozunguka London ikaja Malindi ikaturudia Seeb.

Mwanga Juu (mleta mada)

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote nikiwa bandani, asubuhi, hakuna mechi. Sikutegemea. Nilidhani nitapewa ufafanuzi wa istilahi niondoke.

Nimempigia mama. Sikumwambia habari za Baudrillard, nilimuuliza tu anakumbuka nini kuhusu Vita vya Ghuba. Akauliza, "Vipi hivyo?" Nikasema vya Saddam. "Aaa, vile vya mafuta ya taa!" Akaeleza kwamba miezi ile mafuta ya taa yalipanda na kuadimika, bibi akaamuru kibatari kizimwe kila mtu akishamaliza kula, na yeye ambaye alikuwa anajisomea arudie mtihani akawa anasoma jikoni kwa mwanga wa moto wa kuni. Mpaka leo, anasema, akisikia neno Kuwait ananusa moshi. Nikaangalia takwimu: mafuta ghafi yalikuwa kama dola 17 kwa pipa Julai 1990, na Oktoba yakapita dola 40.

Nikamuuliza kama alisikia habari ya watoto wa hospitalini. Kimya kidogo. Kisha, "Wale waliotupwa sakafuni? Masikini." Nilitaka kumwambia, nikashindwa nianzie wapi. Kwa hiyo vyote viwili viko kwake, kibatari na kabati, na sijui mwalimu wangu atataka niviweke sura ya ngapi.

Kuhusu hela: mjomba alirudisha nusu. Mzee wa Arsenal aliikataa. Alisema akiipokea atakuwa amekiri kwamba bao liliingia. Mantiki yake sijaielewa mpaka sasa lakini kila nikimsoma Baudrillard namwona yeye.

Mwalimu Chaki, swali moja la mwisho: yule binti wa nesi, mliwahi kuonana tena?

Chaki na Ubao

Marahaba. Bint Seeb, hiyo ya vikombe nitakaa nayo muda mrefu, na nakiri imenipunguzia uhakika niliokuwa nao jana. Mama yako aliweza kuuliza, hakuuliza.

Mtu wa Buruburu, kuhusu maiti tuko pamoja.

Na wewe kijana, mwambie mama yako. Anzia popote. Mimi yule jamaa wa basi dogo nilimwambia palepale stendi, nikamchorea kabati juu ya pakiti ya sigara ili aone kwamba ni langu. Alicheka sana, akanilipia kahawa. Tulipoagana akaniambia, "Lakini mwalimu, na ile ya kwenye TV je?"

Binti wa nesi tulionana mara moja, mwaka 2014. Mjukuu wangu alizaliwa njiti, miezi saba, akapelekwa hospitali Tanga mjini, na muuguzi wa zamu alikuwa yeye. Alinitambua mimi kwanza. Hakuikumbuka siku ile ya kipindi cha Siasa, nami sikumkumbusha. Alinivalisha gauni la kijani akaniingiza ndani nimwone mtoto, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona mashine yenyewe kwa macho.

Haina milango wala kitasa. Ni sanduku la plastiki angavu, liko juu ya magurudumu, na ubavuni lina matundu mawili ya mviringo. Nilimuuliza ya nini. Akapitisha mikono yake yote miwili, akamgeuza mtoto ubavu wa pili.